Tebo zenye herufi kubwa kwenye databesi: uweke nukuu, ubadili majina, au utengeneze viu?

Kama umewahi kuandika kwiri (swali la SQL la kuomba data) kwenye databesi ya Postgres ukaletewa `ERROR: relation "wateja" does not exist` na huku tebo unaiona kabisa hapo kushoto kwenye orodha, imeandikwa Wateja, basi hii inakuhusu. Tebo ipo, ruhusa ya kuisoma unayo, neti iko poa, shida ni ile W kubwa tu. Ukiuliza watu utapata majibu ya kila aina, huyu anakwambia weka nukuu, yule anasema badili jina la tebo, mwingine tengeneza viu (kwiri iliyohifadhiwa na kupewa jina, unaisoma kama tebo), mwingine kuna setingi ya seva, na wote wanasema kweli ila kila mtu anaongelea databesi yake na kazi yake. Ndo maana nimeziweka hapa zote pamoja uone ipi inakufaa wewe.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa: usichague kwa kumwangalia anayetengeneza tebo, mwangalie anayekaa kuandika kwiri kwa mkono kila siku. Developa wa Prisma, tuli inayotengeneza tebo na kwiri kutoka kwenye kodi ya programu, haandiki nukuu hata moja, tuli hiyo inamwandikia zote. Anayeumia ni mchambuzi wa data, mtu wa ufuatiliaji na tathmini yaani M&E, mhasibu aliyepewa DBeaver, programu ya kuandikia kwiri, akaambiwa toa ripoti ya mwezi, na hawa mara nyingi hata hawakuwepo siku majina yanachaguliwa.

Databesi zenyewe hazifanani

Postgres ukiandika jina bila nukuu inaligeuza lote kuwa herufi ndogo kabla haijaanza kulitafuta. Yaani `Wateja`, `WATEJA` na `wateja` kwake ni jina moja, zote zinaenda kutafuta wateja. Ukiweka nukuu mbili, `"Wateja"`, inaliacha lilivyo. Kwa hiyo ukiona ujumbe wa kosa umeandika wateja kwa herufi ndogo wakati wewe uliandika W kubwa, hapo hapo umeshajua shida iko wapi, usianze kuhangaika na ruhusa za akaunti.

Oracle na Snowflake zinafanya kinyume, zenyewe zinageuza kwenda herufi kubwa, na kiwango cha SQL kinataka hivyo, Postgres ndo iliyochukua njia yake. Sasa huko tebo inayosumbua ni ile iliyotengenezwa kwa herufi ndogo ndani ya nukuu: mtu kaandika `CREATE TABLE "wateja"`, wewe unaandika `FROM wateja`, Oracle inatafuta WATEJA na inakujibu ORA-00942, yaani tebo haipo. Waliotoka Postgres hii inawachanganya sana kwa sababu wamezoea kwamba herufi ndogo ni salama, na ni salama kweli, ila ziwe bila nukuu.

MySQL iko kivyake kabisa. Kwenye hili nukuu hazina kazi, uweke ile alama ya ` iliyo juu ya kitufe cha Tab au usiiweke, jibu ni lile lile. Kinachoamua ni mfumo wa kompyuta iliyobeba seva, kwa sababu databesi na tebo zake zimefungamana na mafolda na mafaili ya diski, pamoja na setingi inayoitwa `lower_case_table_names`. Linux inaanza na 0, majina yanatofautishwa kwa herufi. Windows inaanza na 1, kila jina linahifadhiwa kwa herufi ndogo. macOS inaanza na 2, jina linahifadhiwa ulivyoliandika ila wakati wa kutafuta linageuzwa dogo. Hapo ndo inapotoka ile kesi ya mtu kujenga mfumo kwenye XAMPP (paketi ya kuendesha seva kwenye kompyuta yako), laptopu ya Windows, kila kitu kinaenda vizuri, anapandisha kwenye hostingi ya cPanel ambayo ni Linux, na kodi yake iliyoandikwa `FROM Wateja` inagoma na kosa namba 1146 (tebo haipo) kwa sababu bakapu ilitoka na jina wateja. MariaDB, databesi iliyozaliwa kutoka MySQL, ni hivyo hivyo, na XAMPP za siku hizi ndani yake ni MariaDB. Majina ya kolamu hayana shida popote kwenye MySQL, ila yale majina mafupi unayoipa tebo ndani ya kwiri yanayo: ukiandika `FROM wateja AS w` alafu chini ukaita `W.jina`, Windows inakubali, Linux inakataa.

SQL Server inafuata koleshoni ya databesi, yaani kanuni zake za kulinganisha na kupanga maandishi. Ile yenye CI kwenye jina lake, kama `SQL_Latin1_General_CP1_CI_AS`, haijali herufi, yenye CS inajali, na mabano mraba hayabadilishi kitu. SQLite haijali kabisa, hata ukiweka nukuu. BigQuery inajali kwenye majina ya tebo na dataseti zake (makundi ya tebo) ila kwenye kolamu haijali. ClickHouse inajali kote.

Kwa hiyo kabla hujafuata ushauri wa mtu muulize anatumia databesi gani. Ushauri wa "weka nukuu" kwenye Postgres unatibu, kwenye MySQL hausaidii chochote.

Kuweka nukuu, au kubadili majina

Hizi mbili ndo zinazogombaniwa zaidi kwa watu wa Postgres. Angalia kwiri moja imeandikwa kwa njia zote mbili. Hii ya kwanza ni tebo zilizotengenezwa na Prisma au Sequelize, tuli nyingine ya aina hiyo, bila kuguswa:

```
SELECT w."jinaKamili", sum(m."kiasiTsh")
FROM "Wateja" w
JOIN "Mauzo" m ON m."mtejaId" = w.id
WHERE m."createdAt" >= '2024-01-01'
GROUP BY w."jinaKamili";
```

Na hii ni ile ile, majina yakiwa ya herufi ndogo na mstari wa chini:

```
SELECT w.jina_kamili, sum(m.kiasi_tsh)
FROM wateja w
JOIN mauzo m ON m.mteja_id = w.id
WHERE m.created_at >= '2024-01-01'
GROUP BY w.jina_kamili;
```

Ya kwanza inafanya kazi, haina kosa. Uzuri wake ni kwamba hugusi kitu kwenye databesi, unaanza kazi leo leo, na kama mfumo ni wa watu wengine huna hata haja ya kuomba ruhusa. Ila kila jina lina nukuu na kila nukuu ni sehemu ya kukosea. Alafu kwiri huwa haikai sehemu moja. Siku unaipeleka kwenye skripti ya usiku unaandika `psql -c "SELECT count(*) FROM "Wateja""`, shell inazila zile nukuu za ndani, Postgres inapokea Wateja iliyo uchi, inaigeuza wateja na inasema haipo, na wewe unaangalia nukuu zako unaziona ziko pale pale. Kwenye faili la JSON ni hivyo hivyo, kila nukuu inataka mkwaju wa nyuma (\) kabla yake.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Mwenzako akikutumia kwiri iliyopitia kwenye Word, nukuu zinakuwa zile za kupinda, “Wateja”. Postgres haizihesabu kama nukuu, inaziona kama herufi za kawaida tu zilizo sehemu ya jina, kwa hiyo inaenda kutafuta tebo ambayo jina lake linaanza na alama ya kupinda. Ukiwa mgeni unaweza kutazama kwiri hiyo na ile ya nukuu zilizonyooka asubuhi nzima usione tofauti. Kwiri isiyo na nukuu mbili inasafiri popote, kwenye meseji, kwenye hati ya maelezo, inafika salama.

Kubadili majina kunaogopwa kuliko inavyostahili. Kwenye Postgres `ALTER TABLE "Wateja" RENAME TO wateja;` haigusi data, inabadili kumbukumbu ya jina tu, hata tebo iwe na mamilioni ya rekodi inaisha mara moja. Inachohitaji ni kufunga tebo kwa muda mfupi, kwa hiyo usiifanye saa za watu kutumia mfumo, maana kama kuna kwiri ndefu inaendelea, hiyo ALTER itabidi iisubiri, na wengine wote watajipanga nyuma yake. Viu zilizokuwa zinaisoma tebo hiyo zinaendelea kufanya kazi, kwa sababu Postgres inakumbuka tebo kwa namba yake ya ndani. Zinazovunjika ni fankshoni za plpgsql (lugha ya kuandikia fankshoni ndani ya Postgres), maana ndani yake kwiri imekaa kama maandishi, na kodi ya programu. Sikwensi (zinazozalisha namba za id) na indeksi (za kuharakisha utafutaji) zinabaki na majina ya zamani, hazivunji kitu, zinachafua orodha tu. Kolamu unazibadili moja moja, na hapo ndo kazi ilipo ukweli, tebo yenye kolamu arobaini ni mistari arobaini ya ALTER na kila mmoja una sehemu zake za kurekebisha kwenye kodi.

Kama programu ni yako, upande wa kodi unaweza usiguse kitu. Prisma ina `@@map("wateja")` kwa tebo na `@map("jina_kamili")` kwa kolamu, kodi inaendelea kusema jinaKamili na databesi inapata jina_kamili. Sequelize ina `underscored` na `tableName`. Wa .NET na Npgsql (kiunganishi chake cha Postgres) kuna paketi ya EFCore.NamingConventions, unaweka `UseSnakeCaseNamingConvention()` na imeisha. Django hana shida, yeye anatengeneza herufi ndogo tangu mwanzo. Spring Boot nayo inageuza kwenda herufi ndogo na mstari wa chini yenyewe, na hapo kuna mtego wa upande wa pili: ukiwa na databesi ya zamani yenye "Wateja" ukaandika `@Table(name = "Wateja")`, bado itaenda kutafuta wateja, mpaka ubadili mkakati wa majina wa Hibernate, tuli ya databesi inayotumiwa na Spring Boot, na uiambie iweke nukuu.

Kwa mradi mpya mimi naona hakuna hata mjadala, anza na herufi ndogo. Mistari miwili mitatu ya setingi siku ya kwanza inaokoa kila mtu atakayekuja baada yako.

Viu: pale ambapo jina huwezi kuligusa

Mfumo ulionunuliwa, au wa shirika jingine, ukibadili jina la tebo apdeti ijayo itagoma kwa sababu inatafuta majina yake. Hapo viu ndo jibu zuri. Unatengeneza skima (kama folda ya tebo ndani ya databesi) ya pembeni, tuseme `ripoti`, ndani yake unaweka:

```
CREATE VIEW ripoti.wateja AS
SELECT id, "jinaKamili" AS jina_kamili, "createdAt" AS created_at
FROM public."Wateja";
```

Nukuu umeziandika mara moja tu, na watu wote wa ripoti hawazioni tena. Metabase, programu ya kutengeneza ripoti, unaipa akaunti inayoona skima ya ripoti peke yake, na hapo umepata faida ya pili, kolamu ambazo hutaki watu wazione, kama namba za simu za wateja, huziweki tu kwenye viu.

Ukilinganisha na kubadili jina, viu ina utunzaji. Kolamu mpya ikiongezwa kwenye tebo haitokei kwenye viu mpaka uiandike upya, hata kama uliandika `SELECT *`, kwa sababu ile nyota inafunguliwa siku ya kutengeneza. Developa akitaka kufuta kolamu inayotumiwa na viu Postgres itamkatalia, na hiyo mimi naihesabu kama faida kwa sababu angalau atakutafuta kwanza. Kuhusu ruhusa, viu inasoma tebo kwa haki za aliyeitengeneza, kama unategemea sheria za kuficha rekodi kwa kila mtumiaji basi uwe na Postgres 15 kwenda juu na uwashe `security_invoker`. Kwenye kasi, viu ya kubadili majina tu haina uzito wa kuutaja.

Kwenye Oracle kuna sinonimu (jina la pili la tebo) inayofanya kazi inayofanana kwa upande wa tebo, ila kolamu haizigusi, kwa hiyo kama kolamu nazo zina herufi za kuchanganya unarudi kwenye viu.

Setingi za seva

Watu wa MySQL wengi wanakimbilia hapa na kwao ina maana, weka `lower_case_table_names=1` kwenye Linux ili ifanane na Windows ya developa. Tatizo ni muda. Kuanzia MySQL 8.0 setingi hii inakubalika wakati seva inaanzishwa kwa mara ya kwanza tu, ukiibadili baadaye seva inakataa kuwaka na inakwambia kwamba setingi yake na kamusi yake ya data hazilingani. Maana yake utoe bakapu, ufute, uanzishe upya, urudishe. Ukiwa RDS, huduma ya databesi ya Amazon, unatakiwa uiweke kwenye kundi la parameta kabla hujatengeneza seva. Kwa hiyo ni chaguo zuri kwa seva mpya, na kwa seva yenye data ya watu ni bora urekebishe kodi. Na usije ukalazimisha 0 kwenye Windows, tebo za MyISAM (mfumo wa zamani wa MySQL wa kuhifadhi tebo) zinaweza kuharibika indeksi zikiitwa kwa herufi tofauti tofauti. Kwenye hostingi ya kulipia mwezi ambayo seva mnagawana wengi, hii njia huna kabisa.

Snowflake ina `QUOTED_IDENTIFIERS_IGNORE_CASE`, unaiwasha na majina ya ndani ya nukuu yanageuzwa makubwa kama mengine. Inasikika vizuri, ila tebo ambazo tayari zilitengenezwa kwa herufi ndogo ndani ya nukuu zinakuwa hazifikiki mpaka uizime, kwa hiyo kama databesi imeshachanganyika usiiwashe kabla hujasafisha majina. Trino, tuli ya kuuliza databesi nyingi kwa pamoja, kwa upande wake inageuza kila jina kuwa dogo, tebo ya "Wateja" iliyoko Postgres haitaipata hata ukiweka nukuu, hapo setingi ni lazima, kuna `case-insensitive-name-matching=true` kwenye faili la konekta.

SQL Server kubadili koleshoni ya databesi nzima kwa sababu ya majina ya tebo peke yake siishauri. Kolamu zilizopo zinabaki na koleshoni ya zamani, unaishia na databesi yenye mbili, na makosa yanaanza kutokea kwenye kulinganisha data yenyewe, ambayo ni hatari kuliko jina la tebo.

Tuli gani inakusaidia na ipi inakuacha

Metabase ukijenga swali kwa kubofya, yenyewe inaweka nukuu sahihi, hutajua hata kama kuna tatizo. Ukihamia kwenye kuandika SQL hapo hapo ndani ya Metabase uko peke yako. Hii inawapotosha wengi, ripoti ya kubofya inaenda, ya kuandika inagoma, wanadhani Metabase ina hitilafu.

DBeaver ni rafiki zaidi kwa mwandishi wa kwiri, ukianza kuandika jina ukachagua kwenye mapendekezo yake inaweka nukuu pale zinapohitajika. Kwa mtu aliyekwama na databesi asiyoweza kuibadili, mzoeze kuchagua kwenye mapendekezo badala ya kuandika mwenyewe, nusu ya makosa yanaisha. pgAdmin iangalie kwa jicho lingine, ukitengeneza tebo kwa kujaza fomu yake jina linahifadhiwa hivyo hivyo ulivyoliandika, kwa hiyo aliyeandika Wateja kwa uzuri wa macho tayari ametengeneza tatizo bila kuona nukuu yoyote.

Pandas ya Python na `to_sql("Mauzo", ...)` ni hivyo hivyo. Chini yake kuna SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuongea na databesi, na kanuni yake ni kwamba jina lote likiwa dogo linahesabika halijali herufi, likiwa na kubwa hata moja linawekewa nukuu. Na kolamu zinatoka kwenye vichwa vya faili la Excel, "Tarehe ya Mauzo" inaingia na herufi kubwa na nafasi zake. Kabla ya kupakia weka mstari mmoja, `df.columns = df.columns.str.lower().str.replace(" ", "_")`. Kwa Snowflake kuwa makini zaidi, `write_pandas` inaweka nukuu yenyewe usipoizuia, ukiwa na kolamu za herufi ndogo zinaingia ndogo na kila kwiri baada ya hapo inadai nukuu.

dbt, tuli ya kuandaa data kwa SQL, inaweka nukuu kwa databesi nyingi isipokuwa Snowflake, na unaweza kubadili kwenye `quoting`. Power BI inaikumbuka tebo kwa jina lake kamili na inajali herufi, kwa hiyo ukibadili jina kwenye databesi, kila ripoti ya Power BI inayoigusa inabidi ifunguliwe na kurekebishwa. Kama ripoti ni nyingi, hiyo peke yake inatosha kukufanya uchague viu.

Kesi mbili ambazo majibu yake yanapishana

DHIS2, programu ya takwimu za afya ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinaitumia, inakaa kwenye Postgres na tebo zake kuu ni herufi ndogo tupu, `datavalue`, `organisationunit`, unaandika bila wasiwasi. Ila ukiingia kwenye tebo za analitiki za matukio unakutana na kolamu zenye majina ya vitambulisho vya herufi 11, kubwa na ndogo zimechanganyika. Huwezi kuzibadili, na tebo hizo zinajengwa upya kila analitiki inapoendeshwa, kwa hiyo hata viu uliyoijenga juu yake haina uhakika wa kubaki. Hapo nukuu ndo njia, na kwiri uziweke kwenye faili moja lililohifadhiwa, kila kolamu ikipewa jina la kueleweka kwa AS, watu wasiwe wanaandika upya kila robo mwaka.

Duka au saccos yenye mfumo wake mdogo uliojengwa kwa Prisma, developa bado yupo na mnaongea naye, ni kinyume kabisa. Hapo mwombe aweke `@@map` na `@map`, mbadilishe majina usiku mmoja, msibaki na viu za kutunza.

Kabla hujaamua, jua kwanza una tebo ngapi za namna hiyo. Kwenye Postgres:

```
SELECT table_schema, table_name
FROM information_schema.tables
WHERE table_name <> lower(table_name);
```

Oracle unauliza `user_tables` na unaweka `upper` badala ya `lower`. Kolamu nazo kwenye Postgres ziangalie kwa `information_schema.columns`, mara nyingi huko ndo kuna mzigo mkubwa zaidi. Zikitoka tatu nne, badili leo. Zikitoka mia na mfumo si wako, anza na viu kwa zile tano au sita ambazo ripoti zinazitumia kila wiki, nyingine ziache na nukuu zake mpaka mtu azihitaji.